Kushika dini katika jamii ya kisekula: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Katika jamii isiyojali dini, wanaoshindwa na hoja ni wachache. Wengi hushindwa na ratiba. Hakuna aliyewakataza kusali. Kengele tu haikulia, adhana haikusikika, Jumapili ikawa siku ya kufua nguo, na miezi minane ikapita. Wanaposhtuka wanajiwekea mpango mkubwa wa toba, na juma la tatu mpango umeanguka. Kosa hilo linarudiwa mno, ndiyo sababu mwongozo huu unaanza na saa, mahali na watu. Mambo ya hoja na mashaka yamewekwa hatua ya saba.

Unamfaa Mwislamu na Mkristo. Pale njia zinapoachana, tumeeleza.

## Utakachohitaji

- Daftari dogo la karatasi na kalamu. Ukiandika kwenye simu utaishia kusoma ujumbe.
- Saa ya kengele ambayo si simu, iwekwe mbali na kitanda.
- Ratiba ya mwaka mzima: nyakati za swala za msikiti ulio karibu nawe, au kalenda ya ibada ya kanisa lako.
- Msahafu au Biblia ya karatasi, yenye lugha unayoielewa hata ukiwa umechoka.
- Kwa Mwislamu: mswala mwembamba unaokunjika na chupa ya maji ya mililita 750.
- Namba za simu za waumini wawili wanaoishi mnakoweza kuonana ana kwa ana.
- Mtu mmoja mwenye elimu ya dini anayekubali kuulizwa.
- Majuma sita. Kwa siku, Mkristo anayeanza atenge dakika 20. Mwislamu atenge kama dakika 50 kwa swala tano pamoja na udhu.

## Hatua ya 1: Andika juma moja bila kurekebisha chochote

Kwa siku saba andika kila ibada uliyokusudia, kisha weka alama: imefanyika, imechelewa, imekosekana. Iliyokosekana, andika sababu kwa maneno matatu au manne: "nilikuwa kwenye kikao", "nililala saa nane", "niliona aibu".

Usijirekebishe juma hili. Ukianza kujitahidi kwa sababu unajiandikia, utapata picha ya mtu mwingine, na hatua zinazofuata zitatibu ugonjwa usio wako.

Siku ya nane hesabu sababu. Karibu kila mara moja au mbili zinarudi kuliko nyingine zote. Aliyekosa Alfajiri siku sita kwa sababu ya kulala usiku wa manane hana tatizo la Alfajiri, ana tatizo la saa nne usiku. Aliyeandika "aibu" mara nne aende moja kwa moja hatua ya 4, ya 5 na ya 6.

Umefanikiwa ukiwa na ukurasa mmoja wenye sababu kuu mbili zilizozungushiwa mstari.

## Hatua ya 2: Weka sakafu

Sakafu ni ibada ambayo hushuki chini yake hata siku ya homa, safari au mtihani. Kila kinachozidi ni ziada. Mtume Muhammad alisema amali zinazopendwa zaidi na Mwenyezi Mungu ni zile zinazodumu, hata kama ni chache. Hadithi hiyo imo kwa Bukhari na Muslim. Hatua hii yote imesimama juu yake.

Kwa Mwislamu sakafu imeshapangwa: swala tano, rakaa 17 za faradhi kwa siku. Kama unapokea mwongozo huu ukiwa unaswali mbili tu, usianze kwa kuongeza sunna na tahajudi. Jenga tano kwanza. Mtu anayesimama tarawehe usiku kucha halafu Adhuhuri ya kazini haipo ameezeka nyumba isiyo na kuta.

Kwa Mkristo, chagua sala ya asubuhi ya dakika 10 kabla ya kugusa simu, sala fupi ya usiku, na ibada ya juma. Basi.

Kuhusu kusoma, hesabu zinasaidia kuliko nia. Msahafu wa chapa ya Madina una kurasa 604: kurasa 2 kwa siku zinaumaliza ndani ya miezi kumi, na kurasa 4 kwa kila swala zinamaliza juzuu moja kwa siku, yaani msahafu mzima kwa siku 30. Agano Jipya lina sura 260: sura 5 kwa juma ni mwaka mmoja kamili, na siku mbili za juma zinabaki wazi kwa ajili ya kufidia. Zaburi ziko 150, yaani tano kwa siku kwa mwezi mmoja. Mpango wa kusoma Biblia nzima kwa mwaka unadai sura tatu na zaidi kila siku bila siku ya pumziko, na wengi wanauacha wakifika Mambo ya Walawi. Anayeanza aanze na Agano Jipya.

Onyo: usichague sakafu ukiwa umetoka kwenye mahubiri mazuri. Ichague Jumatatu jioni, umechoka.

## Hatua ya 3: Shika nyakati

Mahali ambapo adhana na kengele ya kanisa vinasikika, jamii nzima inakukumbusha. Palipo kimya, kumbukumbu hiyo lazima uitengeneze mwenyewe, na hapa ndipo makosa ya kiufundi yanapowamaliza watu wenye nia njema.

Programu ya nyakati za swala. Fungua mipangilio uone njia ya hesabu iliyochaguliwa. Programu nyingi hukuchagulia bila kukuuliza, na tofauti si ndogo: njia moja huanza Alfajiri jua likiwa nyuzi 18 chini ya upeo, nyingine nyuzi 15. Kwenye nchi za kaskazini hiyo inaweza kuwa tofauti ya nusu saa na zaidi. Tumia njia ya msikiti unaoswali Ijumaa, uibakize hiyo mwaka mzima. Angalia pia Alasiri: kwa madhehebu ya Shafii inaanza kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wake (juu ya kivuli cha adhuhuri), kwa Hanafi kinapofika mara mbili.

Majira. Karibu na ikweta nyakati hazibadiliki sana, ndiyo maana aliyekulia huko hushikwa bila kujua. Katika miji ya kaskazini mwezi Desemba jua linaweza kuzama kabla ya saa 10 alasiri: Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zote zinaangukia ndani ya saa za kazi. Mwezi Juni mambo hugeuka. Kuanzia kama nyuzi 48.5 za latitudo kwenda kaskazini, siku ndefu kuliko zote hazina giza kamili, kwa hiyo Isha na Alfajiri hupangwa kwa kukadiria, mathalani kwa kugawa usiku. Usijifanyie makadirio yako. Chukua ya msikiti.

Msabato naye ana mtego wake hapo hapo. Sabato inaanza jua linapozama Ijumaa, na Ijumaa ya Desemba jua linazama bado uko kazini. Lizungumze mwezi Septemba.

Kwa hiyo fanya hivi: mara nne kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi, Juni, Septemba na Desemba, kaa na ratiba ya kazi na ratiba ya ibada pamoja, utie alama kila mahali zinapogongana kwa miezi mitatu ijayo. Tia na mfungo: Ramadhani hurudi nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka, na Kwaresima hufuata Pasaka, ambayo tarehe yake hubadilika.

Ibada ya juma. Kwa Mkatoliki mwenye zamu ya Jumapili, Misa ya Jumamosi jioni inatimiza wajibu wa Dominika. Si njia ya mkato. Kwa Ijumaa, uliza kama msikiti una awamu mbili za swala ya Ijumaa. Misikiti ya mijini iliyojaa mara nyingi huwa nazo, na ya pili inaweza kuangukia mapumziko yako.

Umefanikiwa ukiweza kusema leo, bila kuangalia simu, ibada yako ya kesho mchana itagongana na nini.

## Hatua ya 4: Pata mahali, kisha omba kwa maandishi

Watu hutafuta ruhusa kabla hawajapata mahali. Bosi anayeulizwa "naweza kuswali?" lazima afikirie mambo kumi. Anayeambiwa "chumba cha kikao kidogo huwa wazi saa saba hadi saa saba u nusu" anafikiria moja.

Zunguka jengo kwa siku tatu. Tafuta chumba cha kikao kisichotumika, chumba cha huduma ya kwanza, ngazi za dharura zisizopitwa (usizibe njia), au gari lako kwa sala ya kimya. Vyuo, hospitali na viwanja vya ndege vingi vina chumba cha utulivu. Uliza kwa jina hilo.

Kisha andika ujumbe mfupi wenye vitu vinne: dakika ngapi, saa ngapi, nani atashika kazi, na muda wa majaribio. Mfano:

"Naomba kuhamisha dakika 15 za mapumziko yangu ya mchana ziwe kuanzia saa 7:15, kwa ajili ya swala. Mwenzangu wa zamu amekubali kupokea simu. Naomba tujaribu kwa majuma mawili, kisha tuone kama kazi imeathirika."

Neno "tujaribu" ndilo linalofungua mlango. Danieli akiwa Babeli hakumtaka msimamizi abadilishe sheria ya mfalme. Alimwomba awajaribu yeye na wenzake siku kumi kwa mboga na maji badala ya chakula cha mfalme, kisha aangalie nyuso zao. Msimamizi anaogopa lawama, na jaribio lenye mwisho linampunguzia hofu.

Jua sheria kabla ya kuandika. Kifungu cha 18 cha Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948 kinatambua uhuru wa kudhihirisha dini, lakini bosi wako hafungwi nacho moja kwa moja. Angalia sheria ya nchi. Marekani, Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 humtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi aachie nafasi ya ibada, isipokuwa kama itamletea mzigo mkubwa. Uingereza, Sheria ya Usawa ya 2010 inakataza ubaguzi wa kidini, ila haikupi saa ya kusali kama haki ya moja kwa moja. Ufaransa mtumishi wa umma hatakiwi kuonyesha dini yake akiwa kazini, na huko ni busara kutafuta mahali nje ya jengo. Anayetumia hoja ya nchi moja katika nchi nyingine hujiharibia.

Udhu kazini. Malalamiko mengi hutokana na mguu kwenye sinki na maji sakafuni, wala si swala yenyewe. Mtume alitawadha kwa mudi moja, ambayo ni chini ya lita, kwa hiyo chupa ya mililita 750 inatosha. Tawadha nyumbani kabla ya kutoka kisha vaa khofu (soksi za ngozi): mkaazi anaruhusiwa kupaka maji juu yake kwa mchana na usiku mmoja, msafiri siku tatu. Kwa Shafii ziwe imara, zifunike vifundo vya miguu na zisipenye maji. Soksi za kawaida hazitoshi. Futa sakafu ukimaliza, hata kama maji si yako.

Kibla. Dira ya simu hudanganywa na chuma cha jengo. Pima nje, kisha chagua ukuta au dirisha kama alama. Aliye Amerika ya Kaskazini asishangae kuelekezwa kaskazini mashariki; dunia ni duara, ramani ya ukutani ndiyo bapa.

Ukikataliwa: uliza kilichokataliwa ni saa, mahali au dakika, kisha badilisha hicho kimoja. Siku ambayo kweli haiwezekani, mfano upasuaji mrefu, wapo wanazuoni wanaoruhusu kukusanya Adhuhuri na Alasiri, wakitegemea Hadithi ya Ibn Abbas kwamba Mtume alikusanya akiwa Madina bila hofu wala mvua. Muulize mwenye elimu. Hiyo ni ruhusa ya siku ya dhiki, isigeuzwe ratiba.

## Hatua ya 5: Ingia kwenye jumuiya, na ushike kazi

Fanya hili ndani ya mwezi wa kwanza wa kuhamia mahali papya. Ukishazoea wikiendi zisizo na ibada, kila juma linaongeza aibu ya kujitokeza.

Hudhuria mahali pamoja mara nne mfululizo kabla ya kuhukumu. Mara ya kwanza utaona ubaridi, ya pili lugha ngeni, ya tatu mtu atakukumbuka uso. Wanaozungukazunguka makanisa au misikiti sita wakitafuta inayofanana na ya nyumbani hubaki wageni kote sita.

Mara ya tano omba kazi: kupanga viti, kufagia, kufundisha watoto, kuhesabu sadaka. Msikilizaji akikosa hakuna anayejua, lakini mwenye funguo za stoo akikosa simu inaita. Hiyo simu ndiyo unayoitafuta.

Ibada ya mtandaoni iwe ya mgonjwa na msafiri. Inakupa mahubiri, ila haitakuuliza mbona umekonda.

Pamoja na hayo, kubaliana na mtu mmoja mtumiane ujumbe mmoja kila jioni: "nimemaliza" au "sijamaliza". Bila maelezo na bila kukaripiana. Mkianza kuhubiriana, ndani ya juma la pili mmoja wenu ataanza kudanganya.

Ukiwa na watoto: wakuone ukisali mara nyingi kuliko wanavyokusikia ukikataza. Mtoto ambaye dini kwake ni orodha ya vitu wenzake wanavyofanya na yeye hafanyi, huiweka chini siku anapopata ufunguo wa nyumba. Mpe kitu cha kwake: asome aya mezani, au aadhini.

## Hatua ya 6: Andaa majibu mafupi

Maswali mengi si mashambulizi, watu wanataka tu kujua. Andaa jibu la sentensi moja kwa kila swali unaloulizwa mara kwa mara, ulitamke kwa sauti mara tatu ukiwa peke yako.

Kwa pombe: "Asante, sinywi." Koma hapo. Ukianza kueleza, umefungua mjadala. Shika glasi ya maji au sharubati tangu unapoingia, na aliye na glasi haulizwi. Kwenye sherehe ya kazi kaa saa ya kwanza, salimia kila mtu, uondoke kabla sauti hazijapanda. Kususia kabisa kunakufanya mgeni kwa wenzako bure.

Kwa "kweli wewe bado unaamini?": "Ndiyo. Ukitaka kujua kwa nini, tutafute saa tuzungumze." Wachache hutafuta hiyo saa, hao wape muda wako wote. Waraka wa kwanza wa Petro 3:15 unataka muumini awe tayari kujibu, na hapo hapo unaongeza upole.

Kwa kejeli ya wazi, Kurani 4:140 ina kanuni ya matumizi: usikae nao mpaka waingie katika mazungumzo mengine. Yaani unanyanyuka, na mada ikibadilika unaweza kurudi. Haikuamrishi kuwakata milele. Wala usilipe kwa kukejeli wanayoyatukuza, 6:108 imelikataza.

Dalili kwamba unakosea: kila mazungumzo ya dini yanaisha ukiwa na hasira, au unaingia mabishano ya mtandaoni usiku na kuamka umepitwa na Alfajiri.

## Hatua ya 7: Tenganisha mashaka

Gawa ukurasa wa daftari mafungu matatu: swali, jeraha, uchovu. Shaka ikija, iandike kwenye fungu lake kabla ya kuifanyia lolote. Dawa ya moja huharibu nyingine, na hapa hata viongozi wa dini hukosea.

Swali huandikika kwa sentensi moja yenye alama ya kuuliza. Lipe siku 30, utafute majibu mawili ya watu wenye elimu, si video za dakika moja za upande wowote. Likibaki bila jibu, liache wazi uendelee na sakafu yako. Maswahaba walimlalamikia Mtume juu ya mawazo waliyoogopa hata kuyatamka, naye akawaambia hiyo ndiyo imani ya wazi; imo kwa Muslim.

Jeraha huwa na jina la mtu au tukio ndani yake: msiba, kiongozi aliyekuumiza, dua uliyoomba miaka. Hapa kitabu cha hoja ni chumvi kwenye kidonda. Tafuta mtu wa kukaa naye. Mkristo asome Zaburi ya 88, inayoishia gizani bila faraja ya kubandika, ajue kwamba hata maombi ya namna hiyo yamo ndani ya Maandiko. Kama kiongozi ndiye aliyekudhuru, hama mahali pa ibada. Hujaiacha dini kwa kufanya hivyo.

Uchovu hujifanya shaka. Ukiona huhisi chochote katika sala, angalia kama unahisi chochote kwingine. Kama chakula, marafiki na kazi vyote vimekosa ladha kwa zaidi ya majuma mawili, na usingizi umevurugika, muone daktari. Majira marefu ya giza hushusha moyo wa watu wengi, waumini na wasioamini.

Onyo: usiamue lolote kuhusu Mungu baada ya saa sita usiku.

## Hatua ya 8: Ukianguka, rudi kwenye ibada inayofuata

Utakosa. Kanuni ni moja: anza na ibada iliyo mbele yako, leo. Usisubiri Ijumaa, Jumapili, Ramadhani wala mwaka mpya.

Usijilipishe mara mbili kwa adhabu. Aliyelala au kusahau huswali anapokumbuka. Mwenye deni la miaka aswali kadha moja (swala ya kulipa iliyopita) pamoja na kila swala ya sasa, na deni la mwaka litaisha kwa mwaka. Mkatoliki aende kitubio juma hilo hilo, kabla aibu haijaota mizizi. Wengine wote, mwambie yule wa ujumbe wa jioni: "sijamaliza", kisha kesho mwandikie tena.

Mwisho wa juma la sita rudia hatua ya 1, siku saba, bila kujirekebisha. Weka kurasa mbili pamoja. Kama sababu kuu ya zamani imetoweka na mpya imejitokeza, umesogea, shughulikia hiyo mpya. Kama ni ile ile, usiongeze juhudi, badilisha hatua: "kikao" kilichobaki kinarudi hatua ya 4, "nililala" kinarudi kwenye saa nne usiku, na "niliona aibu" karibu daima kinatibiwa hatua ya 5.

Ongeza ibada ya ziada baada ya majuma mengine sita ya sakafu isiyovunjika, moja tu, na iwe fupi.